Nasoma Biblia Kila Siku, Mbona Sikui?

Barua za wasomaji zinajibiwa na mwinjilisti mstaafu wa Kanisa la Moravian, mama na bibi, akiwa Mbeya.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Rungwe. Nina miaka thelathini na minane, mke na watoto watatu. Nalima chai na miparachichi michache, maana posho ya mwinjilisti unaijua. Naandika kwa sababu nimekwama. Kila alfajiri saa kumi na moja naamka kusoma Neno na kuomba. Siku nyingine nasoma sura tatu, hata nne, lakini nikijipima sioni nikikua. Simu nayo haininyamazii, kundi la WhatsApp la mtaa huanza kulia kabla sijasema amina. Mwaka huu nilianza mpango wa kumaliza Biblia nzima, nikaishia Walawi. Nikafunga siku saba kumwomba Mungu uvumilivu, na wiki hiyohiyo nikagombana na mzee mmoja wa kanisa mbele ya baraza zima kwa ajili ya mabati ya choo. Mzee huyo hupinga kila ninacholeta. Nilimtamkia maneno ambayo kijana hamwambii mtu wa rika la baba yake. Jumapili nikapanda mimbarani nikahubiri upendo, na watu wakasema wamebarikiwa. Mke wangu anasema siku hizi hata nyumbani naongea kama nahubiri. Baba yangu tulimzika mwezi wa pili, na tangu hapo majukumu yameongezeka kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nifanyeje nikue kiroho, nisije nikawa nawaelekeza watu mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika? Jina langu lihifadhiwe.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nitaurudia huo msiba, usidhani umenipita.

Nianze na mkeo. Katika barua nzima yeye ndiye aliyesema neno zito, nawe umelitupa katikati ya mengine kama vile ni utani wa jikoni. Mwanamume anayezungumza na mkewe kama anahubiri, nakisia hata Biblia anaisoma kama anahubiri. Hebu jibu mwenyewe, mimi sipo hapo kukuona: alfajiri ukikutana na mstari mtamu, mkono unakwenda wapi? Kwenye kalamu. Unaandika "kwanza", "pili", "tatu". Kisha watu wa kuambiwa wanaanza kukujia: huu unamfaa mzee wa mabati, huu ni wa kina mama, huu ni wa vijana wa kwaya wanaochelewa mazoezi. Unafunga kitabu umekwisha kuwagawia watu wote mtaani, na wewe hujapata hata mstari mmoja. Wapishi wa harusi unawajua. Wanaonja kila sufuria tangu usiku, na wageni wanaondoka wao hawajakaa na sahani yao.

Kwa hiyo sitakuambia uamke saa kumi badala ya saa kumi na moja. Saa unayo. Ninachotaka ni utenganishe masomo mawili ambayo umeyachanganya. Maandalizi ya mahubiri ni kazi, nayo ina siku yake. Weka Alhamisi jioni au Ijumaa, ukae na kalamu, na kitabu cha maelezo kama unacho, ufanye kazi yako kama mtu mzima. Alfajiri usishike kalamu. Na chagua sehemu ya Maandiko ambayo unajiapiza kabisa kwamba mwaka huu hutaihubiri, hata ukiombwa, hata ikukolee namna gani. Hiyo ndiyo iwe yako.

Kama hujui pa kuanzia, anza na zile zaburi kumi na tano zinazoitwa nyimbo za kupanda mlima, Zaburi ya 120 mpaka ya 134. Ni fupi, nyingine hazifiki mistari mitano. Waisraeli waliziimba wakipanda kwenda Yerusalemu, na wewe wa Rungwe kupanda mlima hakuna wa kukueleza. Ukifika ya 131, simama hapo siku kadhaa. Ina mistari mitatu tu. Daudi anasema moyo wake hauna kiburi, wala hajishughulishi na mambo makuu yaliyo juu yake, kisha anasema: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha." Na anajifananisha na mtoto aliyeachishwa, aliye kifuani mwa mama yake.

Hapo wahubiri wengi wanaume hupita mbio kwa sababu hawajanyonyesha. Mimi nimenyonyesha. Mtoto ambaye bado ananyonya hawezi kutulia kifuani. Ukimpakata tu anageuza kichwa, anatafuta, anavuta nguo, asipopata analia. Haji kwa mama, anakuja kwa maziwa. Ukishamwachisha huwa kuna majuma ya vita nyumbani, mnalia wote wawili. Halafu jioni moja anakuja mwenyewe, anapanda mapajani, anaweka kichwa kifuani na kutulia. Hataki kitu. Huyo ndiye mtoto wa Zaburi 131. Sasa angalia alfajiri yako ilivyo: unakwenda mbele za Mungu kutafuta mahubiri, kutafuta jibu la baraza, kutafuta nguvu za siku. Si dhambi, mtoto lazima anyonye. Lakini umekuwa mwinjilisti miaka kadhaa sasa, na kukua unakokuulizia kunapita hapo: kwenda kwake siku ambayo huna unachochukua, ukakaa, ukaondoka bila hata pointi moja. Majuma ya kwanza yatakuchosha na utaona unapoteza muda. Hayo ndiyo majuma ya vita, yaache yapite.

Kuhusu sura nne kwa siku na Walawi, sina mengi. Mpango wa mwaka ni mzuri kwa mwenye nafasi. Wewe punguza.

Na sisi Wamoravian tuna urithi wetu wa kupunguza, ambao vijana wanauona wa kizee: Neno la Siku. Lilianza mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, pale Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa huko, alipowapa watu mstari mmoja jioni wa kwenda nao siku ya pili yake. Ndugu waliupeleka nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hakijakoma mpaka leo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watoto wa kanisa hilohilo. Wengi hawajui jinsi mistari inavyopatikana. Ule wa Agano la Kale hupigiwa kura, unachotwa kwenye chombo hukohuko Herrnhut kama miaka mitatu kabla ya mwaka wake, kisha ndipo unatafutwa wa Agano Jipya wa kwenda nao. Kwa hiyo mstari utakaoukuta kesho ulichotwa kabla choo chenu hakijawazwa. Hukuuchagua wewe ukimfikiria mzee fulani. Kwa kiongozi hilo ni jambo kubwa, maana sisi tunaojua Biblia tunajua pia mahali zilipo fimbo zake. Chukua huo mmoja, useme kwa sauti mpaka ukae kichwani, halafu nenda nao shambani. Unapochuma chai mikono inajua kazi yake, mdomo hauna kazi. Urudie hapo.

Sasa simu. Marko 1:35 tunaipenda sote: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Tunaikatia hapo, tunakwenda kuwaambia watu waamke mapema. Endelea kusoma. Simoni na wenzake wanamfuata, wanamwona, wanamwambia: "Watu wote wanakutafuta." Jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni, na bila shaka wengine bado walikuwa na wagonjwa wao pale pale. Hiyo ni shida ya kweli, si umbea wa kundi. Naye akajibu, twendeni mahali pengine, kwenye vijiji vya karibu. Hakurudi kwa waliomtafuta. Alikuwa ametoka kuomba, akajua ametumwa wapi siku hiyo, na hapakuwa Kapernaumu. Wewe ungerudi, mwanangu, tena mbio, ukijibu ujumbe njiani. Simu ilale jikoni. Kama unaitumia kukuamshia, nunua saa ya mezani, ni bei ya vocha zako za wiki chache. Mtu akifariki usiku watakuja kugonga mlango. Kwetu habari ya msiba haijawahi kusubiri simu.

Naja kwenye hasira, na ndipo naurudia msiba wako.

Fungua Hesabu sura ya 20. Wote tunajua kwamba Musa aliupiga mwamba mara mbili badala ya kuuambia, na kwamba kwa ajili hiyo hakuingia nchi ya ahadi. Lakini soma sura inavyoanza. Mstari wa kwanza Miriamu anakufa, anazikwa Kadeshi. Mstari wa pili hakuna maji, na watu wanakusanyika juu ya Musa na Haruni. Dada yake, yule aliyesimama mtoni kumlinda akiwa kichanga, amezikwa, na Biblia haitaji hata siku moja ya maombolezo. Mwisho wa sura hiyohiyo Haruni anakufa, na Israeli wanamlilia siku thelathini. Miriamu hakupewa siku hizo, angalau hazikuandikwa. Musa ametoka kaburini, ameingia kikaoni. Watu wanapiga kelele za maji, naye anawaita waasi, anapiga.

Wewe ulimzika baba mwezi wa pili. Ukachukua mashamba, ukachukua wadogo zako, ukachukua madeni kama yapo, na mtaa ukaendelea kukuita kwenye misiba ya wengine uende ukawafariji. Nani alikufariji wewe? Halafu katika baraza akasimama mzee wa rika la baba yako, akakukatalia jambo. Sisemi kuwa mzee hana lake. Nasema hasira ile haikuwa ya mabati. Siku saba za kufunga zisingeiondoa, kwa sababu ulikuwa unaomba dawa ya uvumilivu wakati mwili na roho vinadai matanga. Kwetu Unyakyusa watu hukaa matanga kwa sababu maalumu. Kiongozi ndiye anayejidai amepona siku ya tatu. Mwombe mchungaji wako majuma mawili usihubiri. Mwambie ukweli kwa nini. Nenda ukakae kwa mama yako, umsikilize akimzungumzia marehemu hata kama atarudia yaleyale.

Na kuna kitu kingine katika sura hiyo ambacho kwa maoni yangu ndicho cha kumwogopesha mhubiri. Musa alipopiga kwa hasira, maji yalitoka. Tena yalitoka mengi, watu wakanywa na mifugo yao. Hakuna aliyekunywa akajua kuna kosa. Wewe ulitoka kumvunjia mzee heshima, ukapanda mimbarani, ukahubiri upendo, watu wakabarikiwa. Naamini kabisa walibarikiwa, Mungu hawanyimi watu maji kwa sababu ya fimbo yetu. Ila usihesabu baraka za wasikilizaji kuwa cheti chako. Umefanya vema kushtuka, wengine hawashtuki, wanapandishwa vyeo.

Kwa huyo mzee, fanya hivi. Nenda nyumbani kwake na mkeo, jioni, pasipo baraza, na usiende mikono mitupu, hata kilo ya sukari inatosha. Salimia ipasavyo. Kama wanakula magimbi, kula. Mwombe radhi kwa maneno yaliyonyooka: "Baba, siku ile nilikosa adabu, naomba unisamehe." Usiweke "kama", usimwambie "kama nilikukwaza". Usifungue habari ya choo siku hiyo. Kisha, kwa kuwa ulimkosea mbele ya baraza, kikao kijacho kabla ya ajenda simama uombe radhi mbele ya baraza lilelile. Dakika moja. Usiigeuze kuwa mahubiri juu ya unyenyekevu, nakujua!

Baada ya hapo, siku nyingine, muulize juu ya mabati. Huenda anajua jambo. Wazee wanaopinga kila kitu nimewaona wa aina mbili. Wapo wenye uchungu wao tu. Na wapo waliokwisha kuona kanisa likichangishwa mara mbili kwa jengo moja na hawakuonyeshwa risiti. Mwandike yeye awe mmoja wa wakaguzi wa ujenzi, mhazini asome matumizi hadharani kila mwezi, uone kama ataendelea kupinga. Uvumilivu unaouomba mara nyingine unakuja kwa njia ya daftari la fedha lililoandikwa vizuri, na halihitaji kufunga.

La mwisho kwako. Umeandika "naamka", "naomba", "nafunga", na sioni mahali umesema "tunaomba". Herrnhut ile ninayokutajia, kabla ya mwaka 1727, ilikuwa kijiji cha wakimbizi wanaogombana hasa, kila kundi na imani yake. Zinzendorf, kijana asiyefika miaka thelathini, aliacha kazi yake ya serikali kule Dresden, akaenda kuwapitia nyumba kwa nyumba. Mwezi wa nane mwaka huo wakapatana kwenye meza ya Bwana, na tarehe 27 Agosti ndugu ishirini na wanne na dada ishirini na wanne wakagawana saa za siku, kila mmoja saa yake, ili maombi yasikatike. Yaliendelea kama miaka mia moja. Watu husimulia habari hii kuwatia wengine aibu kwamba hawaombi. Mimi naisoma hivi: hata wale hakuna aliyeomba saa ishirini na nne. Kila mtu alikuwa na saa moja, zilizobaki zilikuwa za wenzake. Tafuta watu wanne hapo mtaani, wawili wawe kina mama wazee, uwagawie mtaa wote kwa siku za juma. Jumatatu na Alhamisi zisiwe zako kabisa. Na usijipime tena. Baada ya mavuno yajayo muulize mkeo, yeye ndiye mwenye mizani.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwenyekiti wa vijana katika usharika mmoja Dar es Salaam. Natoka Kimara alfajiri kwenda kazini Kivukoni, narudi usiku nimechoka. Ibada yangu naifanya ndani ya mwendokasi, nimesimama, Biblia ya kusikiliza iko masikioni. Viongozi wenzangu wananiambia hiyo si ibada. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hao wenzako wanapandia kituo gani? Nehemia aliomba akiwa kazini, amesimama mbele ya mfalme, mara tu baada ya kumpa divai. Mfalme kauliza swali, anasubiri jibu, na katikati hapo Nehemia anasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," kisha anajibu. Haikufika hata nusu dakika. Kwa hiyo nguzo ya mwendokasi inatosha kushikilia ukiwa unaomba.

Lakini angalia miezi. Sura ya kwanza ni mwezi wa Kisleu, anakaa chini, analia, anafunga. Sura ya pili ni Nisani. Kama miezi minne katikati. Lile ombi la kusimama lilikuwa na mengine ya kukaa nyuma yake. Basi tafuta Jumamosi moja asubuhi ukae chini na kitabu cha karatasi, mlango umefungwa, vijana wakusubiri. Siku za kazi endelea na masikio yako, ila shusha sauti ili usikie kituo chako. Na ukibahatika kupata kiti, akaingia mama mjamzito au mzee, mpishe. Nimewaona mimi watu wa Mungu wamefumba macho katika zaburi mpaka mzee ashuke.

Barua ya baba wa Tabora kuhusu zaka ya mazao imenifikia. Ni ndefu na ina hesabu za magunia ndani yake, nitaijibu toleo lijalo.